Walimu wenzangu, unaingiaje darasani siku ambayo moyo umekataa?

Madamu_wa_Mpakani (Busia, upande wa Uganda)

Habari za jioni walimu. Madaftari ya Hesabu yamejaa mezani hapa na sijasahihisha hata moja tangu Jumatatu, ndiyo maana nimeamua niandike.

Nafundisha darasa la nne (P4), shule ya serikali, chini ya UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Rejista yangu ina watoto 112. Madawati ni 21. Wanabanana watano watano, na saba waliobaki wanakaa chini karibu na ubao, miguu yao ikigusa yangu ninapoandika. Mnaofundisha P4 mnalijua darasa hili lilivyo. Kuanzia P1 hadi P3 mtoto anasoma kwa lugha ya nyumbani, hapa kwetu Lusamia, halafu akifika kwangu Kiingereza ndicho kinachukua nafasi. Mtoto aliyekuwa akipiga kelele "mimi madamu, mimi madamu" mwaka jana, mwaka huu ananyamaza. Kumrudishia sauti yake ndiyo nusu ya kazi yangu.

Wiki tatu zilizopita mwanafunzi wangu mmoja alifariki kwa malaria. Sitataja jina lake. Jumatano alisema kichwa kinamuuma, nikamwambia ajilaze kwenye dawati mpaka kengele. Alhamisi hakuja. Ijumaa hakuja. Jumamosi asubuhi shangazi yake akaja kunibishia hodi.

Daftari lake lilikuwa kwangu kwa sababu Jumatano nilikusanya ya Hesabu. Swali la mwisho lilikuwa 304 kutoa 127. Alikuwa ameandika vizuri, tarakimu chini ya tarakimu. Nne toa saba haiwezekani, akaenda kukopa kwa jirani, akakuta sifuri. Akaikata ile sifuri kwa kalamu, akaiandika tena, akaikata tena. Akaishia hapo. Siku ile niliona watoto wengi wamekwama kwenye sifuri hiyo nikawaambia, "Kesho nitawaonyesha."

Jumatatu saa mbili asubuhi naita majina. Nilipofika kwake niliita bila kufikiri, mdomo umezoea. Kimya. Halafu msichana mmoja wa mbele akasema polepole, "Amekufa, madamu." Nilitoka nje nikaenda nyuma ya jiko la shule nikakaa juu ya kuni. Sijui nilikaa muda gani. Watoto 111 walikuwa peke yao na hakuna aliyekuja, si kwa ubaya, kila mwalimu alikuwa na mia yake.

Tangu siku hiyo kila asubuhi kabla ya kuingia nasimama kwenye mlango wa darasa na tumbo linakaza kama mtu anayesubiri mtihani. Usingizi unakuja saa nane za usiku.

Wiki iliyofuata tuliitwa kwenye mafunzo ya siku moja. Tukaelezwa kuwa mwalimu ajijenge, awe mstahimilivu, avute pumzi ndefu, alale mapema, aandike kila siku mambo matatu ya kushukuru. Mwezeshaji alikuwa mtu mwema na sina ugomvi na kuvuta pumzi. Lakini mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nilitoka pale nikijisikia kwamba kosa ni langu, kwamba kuna msuli fulani wenzangu wanao na mimi sina.

Na mimi si mtu wa kukata tamaa haraka. Machi 2020 shule zilipofungwa nilikuwa nafundisha shule ya binafsi, na mshahara ulikatika mwezi uleule. Mpaka zinafunguliwa zote, tarehe 10 Januari 2022, nilikuwa nauza mukene, dagaa wa ziwani, sokoni, nawapima kwa kikombe cha plastiki, na wazazi wa wanafunzi wangu ndio wateja. Shule zilipofunguliwa nilirudi. Wenzangu wanne hawakurudi. Mmoja ana boda, mmoja ana kibanda cha chapati na anasema hataki kuona chaki tena maisha yake yote. Nilifikiri aliyevuka mto ule amevuka yote. Kumbe daftari moja linaweza kunishinda.

Nauliza: ninyi mnafanya nini hasa? Maneno ya kutia moyo ninayo. Nataka kujua mnafanya nini ile saa mbili asubuhi.

---

Jembe_na_Chaki (Kamuli)

Pole sana dada. Ualimu ni wito. Wazee wetu walifundisha bila mshahara miezi na miezi na hawakulia. Omba Mungu, jikaze, watoto wanakutegemea. Wiki tatu ni nyingi, utazoea. Mimi nimezika wanafunzi sita katika miaka yangu na bado niko kazini.

---

Msaidizi_Kyaka (Kyegegwa)

Mama mwalimu, pole kwa msiba. Mimi ni mtu wa Kongo, nilivuka mwaka 2018, nafanya kazi ya usaidizi wa darasa hapa makazi ya Kyaka II. Mwalimu wa Uganda anafundisha Kiingereza, mimi niko pembeni naeleza kwa Kiswahili, maana watoto wengi wanakuja na Kiswahili tu, au Kinyabwisha.

Kwetu msiba ni wa mara kwa mara, na watoto wengi walikuja na mingine mikubwa kutoka nyumbani. Nitakueleza kitu kimoja tunachofanya. Mtoto akifariki, asubuhi ya kwanza hatuiti majina. Tunaanza kwa kukaa. Mwalimu anasema jina la marehemu yeye mwenyewe, kwa sauti ya kawaida, kabla mtoto yeyote hajalisema. Halafu kila anayetaka anasema jambo moja alilolijua kwake. "Alinipa muwa." "Alikuwa anakimbia kuliko mimi." Ni dakika kumi, ishirini. Mara ya kwanza niliogopa wote watalia na darasa litatushinda. Wachache walilia, wengine wakacheka waliposikia habari ya muwa. Nafasi yake kwenye dawati hatumpi mtu mpaka waliokaa naye waseme wenyewe.

Ninakuambia hivi kwa sababu yule msichana wa mbele aliyesema "amekufa, madamu" alikuwa amebeba hiyo habari tangu Jumamosi bila mtu mzima wa kumtua. Hata yeye alikuwa anakusubiri.

Ndugu wa Kamuli, usikasirike, lakini hili la kuzoea mimi nalikataa. Mwalimu aliyezoea watoto kufa, hata mimi mzazi naogopa kumpa mtoto wangu.

---

Mzee_wa_Chaki_Nusu (Arua)

Binti yangu, nimesoma habari yako mara mbili. Nilianza kufundisha mwaka 1978 nikiwa na miaka ishirini, nikastaafu 2018. Katikati ya hapo palikuwa na mambo.

Ndugu yetu wa Kamuli amesema wazee hawakulia. Mimi ni mmoja wa hao wazee, na nataka nimwambie kwa heshima kwamba tulilia. Mwaka 1980 kwetu West Nile ilipoingia vita tulivuka mpaka, wengine wakaenda Sudani, sisi tukaenda Zaire ya wakati ule. Tulikuwa walimu watatu pale tulipofikia. Tulikusanya watoto chini ya mwembe. Ubao ulikuwa mlango wa nyumba uliong'olewa, na chaki tulitumia muhogo mkavu, unaandika kwa shida na mbuzi wanakuja kulamba ubao usiku.

Surua ikaingia. Wiki moja nilipoteza watoto watatu kutoka kundi langu. Nikamwambia mwenzangu mkubwa kwamba mimi kesho siji. Hakuniambia jikaze. Aliniambia, "Kesho njoo, ila usifundishe." Nikaja. Yeye na yule wa tatu wakagawana watoto wangu bila kuniuliza, wakawaweka chini ya kivuli kimoja na wao, wakawa wanaimba hesabu. Mimi nilikaa kwenye mzizi wa mwembe siku nzima, nachonga muhogo. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu mtoto mmoja alikosea kuandika jina lake, nikasimama kumsahihisha, nikaendelea. Hakuna aliyesema lolote.

Tulikubaliana baadaye sisi watatu kwa maneno: atakayepigwa na msiba, wawili wanachukua watoto wake siku hiyohiyo, na yeye haachwi kwenda nyumbani peke yake. Anakaa pale pale, anasikia watoto.

Tuliporudi nyumbani mwaka 1986, shule niliyopangiwa haikuwa na paa. Lakini jambo lile nilirudi nalo. Ukuta hauonyeshi kama mwembe unavyoonyesha, huwezi kumwona mwenzako amekwama. Kwa hiyo tukaweka ishara. Mwalimu akishindwa, anavunja chaki vipande viwili, kipande kimoja anampa kiranja apeleke darasa la jirani. Kiranja hasemi neno. Jirani akikiona anawapa watoto wake zoezi la kunakili, anafungua mlango, anasimama katikati ya madarasa mawili. Huendi kueleza, huombi ruhusa, huandiki barua. Maelezo ni jioni, kama unataka.

Katika miaka zaidi ya thelathini nilipeleka nusu chaki labda mara tisa. Nilipokea nyingi zaidi. Mmoja aliyenitumia mara nyingi kuliko wote ndiye aliyekuwa mwalimu hodari kuliko wote pale shuleni, na watoto wake wakifaulu PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, kila mwaka.

Wewe ulikaa juu ya kuni na hakuna aliyekuja kwa sababu hakuna aliyejua. Anza na jirani mmoja wa ukuta. Usisubiri shule nzima ikubali.

---

Madamu_wa_Mpakani

Mzee wangu, shikamoo. Nimesoma nikalia, lakini si kama ninavyolia nyuma ya jiko.

Jirani yangu wa ukuta ni mwalimu wa P5. Tumefanya kazi mlango kwa mlango miaka miwili na sijawahi kumwambia zaidi ya "chaki zimekwisha?" Na jambo jingine: mimi ndiye mwalimu mlezi wa wasichana hapa shuleni. Mtoto akipata hedhi mara ya kwanza, akipigwa nyumbani, akitaka kuozwa, analetwa kwangu. Kwa hiyo kila mtu anajua nina bega. Hakuna anayedhani kwamba bega nalo linauma.

Ndugu wa Kyaka, lile la yule msichana limenichoma. Sikuwa nimeliona hivyo. Nilimwita leo saa ya posho, chakula cha mchana, tukakaa pamoja. Kumbe walikuwa wanakuja shule njia moja.

---

Naibu_Nile (Jinja)

Dada pole, na asante kwa kuandika wazi. Mimi ni naibu mwalimu mkuu, kwa hiyo nitazungumza mambo ya upande wetu na mengine ambayo watu huona aibu kuuliza.

Kwanza, usingizi kuja saa nane za usiku kwa wiki tatu na tumbo kukaza mlangoni, hilo lipeleke kwa daktari kama ungepeleka homa. Kwa ulipo, anza na kituo cha afya, uombe wakuandikie rufaa. Hospitali ya rufaa ya Mbale ina huduma ya afya ya akili. Kwenda huko hakukufanyi kichaa wala hakukuondoi kwenye orodha ya mishahara. Nimewasindikiza walimu wawili, wote wako darasani leo.

Pili, na hapa nisamehe. Kadi yako ya ATM iko mkononi mwako?

Nauliza kwa sababu mwalimu wa Gredi ya Tatu, yaani wa shule ya msingi mwenye cheti, mshahara wake haufiki hata laki tano, na ukishakatwa mkopo unabaki na nini? Mwaka 2022 walimu wa sayansi wa sekondari wenye digrii walipandishwa hadi milioni nne, na wengine tuligoma mwezi wa sita tukarudi kama tulivyotoka. Nimekaa ofisini miaka saba nikiona walimu wanaokuja wamechoka, wakali kwa watoto, hawalali. Nilikuwa nadhani ni mambo ya nyumbani. Siku moja nikajifunza kuuliza swali hilo moja, na zaidi ya nusu kadi zao ziko kwa mkopeshaji, na namba ya siri wamempa. Mshahara ukiingia anautoa yeye, anakata chake, anakuachia elfu hamsini. Mtu wa namna hiyo ukimwambia aandike mambo matatu ya kushukuru unamwonea. Msiba unamkuta hana hata nauli ya kwenda kuzika.

Tatu, mwalimu mkuu wako alipaswa kuja darasani kwako Jumatatu ile kabla ya rejista. Hata kama hakujua cha kusema, angesimama tu. Sisi viongozi tunahesabu nani amefika na saa ngapi, na siku hizi hata simu inahesabu. Hatuna mahali pa kuandika aliyefika akiwa amevunjika. Hilo la Mzee la nusu chaki nimeliandika kwenye daftari langu la vikao, na Jumatatu naliweka mezani. Ila nitaongeza kitu: nitawapanga jirani kwa jirani kwenye ratiba ili mwalimu mpya asione aibu kuanza.

---

Jembe_na_Chaki (Kamuli)

Nimerudi kusoma. Dada, niliandika haraka. Wale sita niliowataja, majina yao yote nayakumbuka na mstari waliokaa. Nadhani nilisema utazoea kwa sababu ndivyo nilivyoambiwa mimi mwaka wa kwanza, na sikupata mtu wa kumwuliza swali la pili. Nisamehe.

---

Madamu_wa_Mpakani

Nimesamehe kaka, na pole nawe kwa hao sita.

Naibu, kadi haiko mkononi mwangu. Iko kwa mtu tangu muhula wa kwanza. Niliichukulia laki sita kwa ajili ya ada ya mdogo wangu, na mpaka leo sijui nimelipa ngapi, kwa sababu kila mwezi ananiambia hesabu mpya. Mimi mwalimu wa Hesabu! Sijawahi kumwambia mtu, hata mume wangu. Kuandika hapa kumenifanya nitetemeke mikono. Nitafanyaje?

---

Naibu_Nile (Jinja)

Usiende peke yako. Nenda na mtu mzima, mume wako au mwalimu mwenzako, ukamwombe mkopeshaji aandike kwenye karatasi: ulichukua ngapi, amepokea ngapi, imebaki ngapi. Akikataa kuandika, hapo umeshapata jibu, nenda benki ukaripoti kadi imepotea upewe nyingine na namba mpya ya siri. Deni utalilipa, lakini wewe ndiye utakayetoa pesa kwa mkono wako. Halafu uliza SACCO, chama cha akiba na mikopo, ya walimu ya wilaya yenu kama wanaweza kulinunua deni, riba yao hailingani na ya mtaani. Na mume wako mwambie leo, kabla hujalala.

---

Madamu_wa_Mpakani

Narudi baada ya siku kumi na mbili, maana wengine mmenitafuta kwenye ujumbe.

Mume wangu nilimwambia usiku uleule. Alinyamaza muda mrefu, halafu akauliza kwa nini nilibeba peke yangu. Tulikwenda pamoja kwa mkopeshaji. Aliandika, kwa hasira, lakini aliandika. Nilikuwa nimelipa laki nane na elfu arobaini, na alidai bado laki mbili. Kadi imerudi. SACCO wamesema nisubiri kikao cha mwisho wa mwezi. Kituo cha afya nilikwenda, wamenipa tarehe ya Mbale. Usingizi bado unasumbua, ila sasa unafika saa sita.

Kwa mwalimu wa P5 nilikwenda na chaki mkononi nikamweleza habari ya Mzee wa Arua tangu mwembe mpaka ukuta. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia mwaka jana mimba yake iliharibika siku ya Jumanne, na Jumatano alikuwa darasani akifundisha mizunguko ya maji. Miaka miwili ukuta mmoja, mzee.

Jana niliamua kufundisha lile swali. Nilikusanya vijiti na watoto siku mbili kabla, tukavifunga kwa nyuzi za ndizi: mafungu matatu ya mia mia, na vinne peke yake. Nikaandika ubaoni 304 kutoa 127. Mkono ukaanza kutetemeka nilipofika kwenye sifuri, nikaona haiendi. Nikavunja chaki, nikampa kiranja.

Mwalimu wa P5 alikuja akasimama mlangoni, mguu mmoja kwake na mguu mmoja kwangu. Hakusema kitu. Nikamwita yule msichana wa mbele aje ashike fungu moja la mia. Nikawauliza watoto, jirani hana kitu, ana sifuri, tunakwenda wapi? Wakanyamaza. Halafu mmoja wa wale saba wanaokaa chini akasema, kwa Kiingereza chake mwenyewe, twende nyumba ya tatu. Tukaenda. Msichana akafungua uzi wa mia, yakatoka makumi kumi. Tisa tukayaacha pale kwa jirani, moja tukalifungua, vijiti kumi vikaungana na vile vinne. Kumi na nne toa saba. Tisa toa mbili. Mbili toa moja.

"Mia moja sabini na saba," wakasema wote, na P5 nao wakaitikia kutoka upande wa pili wa ukuta.